Jina la Mama Mkwe

Matapeli wa simu walikuwa hawamuwezi Mama Hatibu. Kigombe nzima inalijua hilo, na mimi Mastura, jirani yake wa ua kwa ua, nalijua zaidi, maana mara nyingi walimpigia tumeketi pamoja tukisuka ukili wa mikeka.

Siku moja alipiga mtu mwenye sauti ya upole, ya kisomi. Mama Hatibu akaiweka simu spika nami nisikie.

"Mama, mimi mwalimu. Mwanao kaanguka shuleni, damu zinamtoka, tunaomba hela ya kipimo haraka."

"Mwanangu yupi?"

"Huyu wa shule, mama."

"Mwanangu wa shule ana mvi kidevuni. Kama kaanguka mwambie ainuke, ajipanguse suruali."

Tulicheka mpaka ukili ukatuponyoka mikononi. Na wale wanaoandika "ile hela itume kwenye namba hii," yeye alikuwa hafuti ujumbe wao. Aliwajibu kwa sauti: "Hela ipi baba, ya mahari ya mama yako?"

Nayatanguliza haya ili asije mtu akasema alikuwa bibi mjinga. Hakuwa mjinga. Kilichomkuta kilimkuta akifuata alivyofundishwa, tena alifuata vizuri.

Watoto wake ni wawili. Hatibu ni baharia wa meli ya mizigo, akiondoka unaweza kumsahau sura. Semeni kaolewa Pangani. Nyumbani mama alibaki na mkewe Hatibu, Zuwena, Mbondei wa huko juu njia ya Amani, pamoja na mtoto wao wa kike. Nimeona wakwe wengi wakiishi kwa kuviziana, lakini wale wawili waliishi vizuri. Jioni Zuwena alimkanda mama mkwe wake goti la kushoto kwa mafuta ya nazi, na Mama Hatibu akimsimulia habari zile zile za zamani, na Zuwena akiuliza "ikawaje?" kama hajawahi kuzisikia.

Sasa kuna jambo moja la Zuwena lazima nilieleze. Kwao, jina la mkwe halitamkwi. Mke hamtaji baba wa mumewe wala mama wa mumewe, si mbele yake wala nyuma yake. Kumtaja ni kama kumvua nguo hadharani. Sisi wa pwani tulikuwa nalo hilo zamani, siku hizi tumelegea, mkwe anamwita mkwe jina kama anaita muuza samaki. Zuwena hakulegea. Alifundwa na shangazi yake, na alichofundwa alikishika.

Na yule mtoto walimpa jina la bibi yake. Basi Zuwena akashindwa kumwita mwanawe jina. Akamwita "Mama." Hatibu naye, kwa kuwa ni jina la mamake mzazi, akamwita "Mama." Mimi nilimwita Bibi Mdogo. Mama Hatibu mwenyewe, tangu alipomzaa Hatibu, watu walimwita Mama Hatibu tu, na wazee waliokuwa wakimwita jina lake wameshatangulia. Kwa hiyo jina lenyewe likawa kama sahani za wageni. Lipo kabatini, halitoki.

Jina hilo ni Tuhfa.

Siku moja Hatibu alipiga simu ya picha kutoka bandari moja ya mbali. Alikuwa na wasiwasi. Mwenzake melini alikuwa ameibiwa: mkewe kapigiwa na mtu mwenye sauti ya mumewe kabisa, kikohozi chake, kicheko chake, na kumbe si yeye.

"Siku hizi wanaiba hata sauti," Hatibu akasema. "Mtu akiomba hela, hata awe mimi, msitume mpaka ataje neno la siri. Asipolitaja, kateni simu. Mama unanisikia? Hata akilia."

"Nakusikia. Neno gani sasa?"

"Jina lako la kuzaliwa. Nje nani analijua? Wote wanakuita Mama Hatibu."

Zuwena alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono wake ukasimama.

"Baba," akamwambia mumewe, "si ungechagua neno lingine? Hata muhogo."

"Muhogo! Mwizi gani atashindwa kuutaja muhogo?"

Semeni alikuwa amekuja kumwamkia mamake. Akadakia, "Wifi naye! Utadhani kaambiwa ataje la jini."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Zuwena akainamia nazi yake, akaendelea kukuna mpaka akafika kwenye kifuu, ukasikia chuma kinakwaruza.

Wakati huo Hatibu alikuwa anajenga nyumba yake nyuma ya ile ya mamake, kuta zimeshafika juu, zinangoja mabati. Hela ya mabati aliituma kwenye simu ya mamake. Wakakubaliana kwenye lile kundi lao la familia la wasap: Zuwena aende Tanga mjini, azunguke madukani, akishaona mabati mazuri amwambie mama, mama atume. Mtoto aliachwa kwangu.

Yaliyompata Zuwena mjini nilikuja kuyajua baadaye. Akiwa dukani, mabati yanagongwa, kelele tupu, mtu akampigia akisema anahakiki laini za simu, na laini yake itafungwa leo hii asipohakikiwa. "Kuna tarakimu zimeingia kwenye simu yako, nisomee." Akamsomea. Haukupita muda, simu yake ikapoteza mtandao. Namba yake ikawa mikononi mwa mtu mwingine, pamoja na wasap yake na maongezi yake yote.

Huku Kigombe sisi hatuna habari. Mimi na Mama Hatibu tuko uani. Ukaingia ujumbe kutoka namba ya Zuwena, na ile picha yake ya mtandio wa kijani: "Mama nimeshapata mabati mazuri sana. Tuma hela kwenye namba hii ya mwenye duka."

Mama Hatibu akavaa miwani, akasoma, akanipa na mimi nikasoma. Kisha akabonyeza, akasema kwa sauti, "Mwanangu, hongera. Taja neno kwanza."

Akaniangalia kwa majivuno. "Hatibu angeniona, angefurahi."

Jibu haliji. Tukasema ni mtandao. Kumbe yule mwizi alikuwa ameenda kwenye kundi la familia akaandika kwa jina la Zuwena: "Jamani lile neno letu nimelisahau, nikumbusheni, mama kanigomea." Mama Hatibu kundi hilo alikuwa halifungui, lilimjaza picha za maua na Ijumaa njema. Lakini Semeni kule Pangani alikuwa analo mkononi.

Kabla jibu halijaja, simu ikaita. Namba ngeni.

"Mama! Mama usitume chochote! Wameniibia namba yangu!"

"Nani wewe?"

"Mimi Zuwena, mama. Nimeazima simu ya mtu hapa dukani."

Nikamwambia, "Shoga, hiyo si sauti ya Zuwena?"

Akaniwekea kidole mdomoni. "Wanaiba hata sauti," akaninong'oneza. Kisha akasema kwenye simu, "Taja neno."

Tukasikia mabati yanagongwa, watu wanapatana bei.

"Taja neno, nimesema."

"Mama, lile neno siwezi kulitaja."

"Huwezi?"

"Siwezi, mama. Niulize kingine. Niulize goti gani linakuuma. Niulize jana tumekula nini."

"Sikuulizi goti. Neno!"

"Mama nakuomba..." Akaanza kulia.

Na Hatibu alikuwa ameshasema: hata akilia.

"Huna neno wewe," Mama Hatibu akamwambia. "Mwizi mkubwa. Unajua kulia kuliko mwenye msiba." Akakata. Ikaita tena, akakata. Ikaita tena, akanipa mimi niifungie ile namba isiweze kupiga, nami nikaifungia, maana hilo nilikuwa nimefundishwa na wajukuu zangu.

Muda si muda ukaingia ujumbe kutoka kwa mwenye mtandio wa kijani. Neno moja tu.

Tuhfa.

Kisha mwingine: "Samahani mama, mtandao ulikuwa unasumbua."

Mama Hatibu akatabasamu kwa upole, kama mtu aliyeitwa na mtu ampendaye. "Umeona?" akaniambia. "Huyu ndiye mkwe wangu." Akatuma yote.

Zuwena alirudi alasiri, nauli kaomba kwa watu, uso umevimba. Mama Hatibu alimlaki mlangoni.

"Mabati yanakuja na gari?"

"Mabati gani, mama?"

Sitaki kurefusha. Walipofahamishana, Mama Hatibu aliketi kizingitini. Zuwena akataka kumshika, mama akausukuma mkono wake.

"Neno umelitaja mwenyewe. Simu hii hapa."

"Sikulitaja mimi."

"Simu yako imelitaja."

Walikwenda polisi, maelezo yakaandikwa, ile namba iliyopokea hela ikawa haipatikani tena. Kesho yake Semeni akafika kutoka Pangani, hata buibui hajavua.

"Mama, hebu fikiri," akasema. "Neno tunalijua sisi tu. Mwizi kalitoa wapi? Huyu kaandika mwenyewe, hela ikaenda kwa watu wake, halafu akaazima simu ya mtu ajifanye kaibiwa. Angekuwa kaibiwa kweli si angelitaja neno? Alishindwa nini?"

Zuwena alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi.

"Mama anajua nilishindwa nini," akasema.

"Kutamka?" Semeni akacheka. "Wifi, usitufanye watoto. Kwenye simu hutamki, unaandika! Mkono wako nao una adabu?"

Zuwena akamtazama Mama Hatibu. Alimtazama kwa muda mrefu, akimngojea. Mama Hatibu akayashusha macho, akawa anasugua goti lake mwenyewe. Zuwena akarudi jikoni, akaendelea kusonga ugali. Tangu hapo hakujitetea tena.

Hatibu alipofika bandari yenye mtandao, aliyewahi kumpata ni Semeni. Alichomwambia anakijua yeye. Jibu la Hatibu likaja kwa sauti kwenye simu ya mamake, maana Zuwena laini yake ilikuwa bado haijarudi. Tuliisikiliza sote uani. Alisema mwanamke anayemwibia mama yake hawezi kulala nyumbani kwake. Alisema, "Nimemwacha, talaka moja. Arudi kwao na mtoto."

Zuwena alikuwa anaanua nguo kambani. Akamaliza kulikunja gauni la mtoto. Kisha akasema, hata bila kupaza sauti:

"Mama, na hii mbona hukuiuliza neno la siri?"

 

Aliondoka asubuhi yake na mtoto, na sanduku lile lile alilokuja nalo. Mama Hatibu alijifungia chumbani. Mtoto alimgongea mlango, "Bibi, tunaondoka," na mlango haukufunguliwa.

Siku zikaenda. Ile nyumba nyuma ikabaki kuta, mvua ikaingia, majani yakaota vyumbani. Goti la Mama Hatibu likavimba. Mimi nilimkanda, lakini mkono wangu hakuupenda, alisema ninabonyeza kama napiga chapati.

Jioni moja nikamkuta anasikiliza simu. Alikuwa anatafuta sauti za mjukuu wake, zile ambazo Zuwena alikuwa akimtumia kila walipokwenda kwao likizo. Sauti ya Zuwena ikasema, "Mama, hebu mwamkie Bibi." Na kale katoto, "Shikamoo Bibi." Akaweka nyingine. "Mama, usile udongo jamani!" Nyingine tena. "Bibi, Mama kaota jino."

Akaizima.

"Mastura. Umewahi kumsikia Zuwena akimwita mtoto jina lake?"

"Hata siku moja."

"Nisomee alizoandika."

Nikavaa miwani nikasoma. Nilianzia mbali sana. Mama kalala. Mama ana homa kidogo usijali. Mama kakataa uji. Nilisoma mpaka koo likakauka, tukasogea, tukasogea, tukafika siku ya mabati. Na pale, baada ya maneno yote yale, likatokea peke yake, limeandikwa kwa herufi zake zote: Tuhfa.

Mama Hatibu akaichukua simu kwangu akaitazama kwa karibu.

"Mkono wake nao ulikuwa na adabu," akasema.

Hakulia. Aliomba nimpigie Semeni. Semeni alibisha, halafu akabisha kidogo, halafu akaangua kilio, akasema yote. Ni yeye aliyeulizwa kwenye kundi, ni yeye aliyejibu, tena kwa kejeli: "Wifi wewe! Ni Tuhfa! Unasahau jina la mkweo na la mwanao kwa pamoja?" Aliposikia hela imeibiwa, akaogopa kulaumiwa, akaufuta ujumbe wake, na mwizi naye alikuwa ameshaufuta wake. Tulipofungua lile kundi tulikuta mahali palipoandikwa kwamba ujumbe umefutwa, pamekaa kati ya maua na Ijumaa njema.

"Ulijua hayo ukamsema vile?" mamake akamuuliza.

"Niliogopa, mama."

"Na yeye je, ulidhani haogopi?" Akamkatia simu.

Hatibu naye akaambiwa. Alilia huko baharini kama mtoto. Eda ilikuwa imeshakwisha, kwa hiyo hawezi kumrejea mke kwa neno lake tu, lazima Zuwena mwenyewe akubali, wafunge ndoa upya. "Mama, nenda ukaniombee," akasema. "Wewe hawezi kukukatalia."

Basi tukafunga safari, mimi na yeye, tukapanda huko njia ya Amani, kwenye baridi na matope mekundu. Tulibeba nazi, samaki wakavu wa ng'onda, na doti ya kanga aliyoichagua mwenyewe. Alitembea akiniegemea.

Shangazi yake Zuwena anaitwa Beatrisi, yeye ni Mkristo, ukoo wao umechanganyika. Alitupokea mlangoni.

"Karibuni watu wa chumvi. Tuliwasikia mnakuja, tukasema labda kuna kitu kingine kimepotea."

"Tumestahili," Mama Hatibu akasema.

Zuwena akatoka ndani. Amekonda kidogo, kichwani kajifunga kitambaa. Akapiga goti kidogo, vile vile kama zamani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, marahaba." Moyo wangu ukapoa. Nikasema, yamekwisha haya, bado anamwita Mama.

Tulipikiwa, tukala, tukanawishwa mikono. Mtoto alikuwa anacheza uwanjani na wenzake, mara moja akatuchungulia mlangoni, akakimbia. Tulipomaliza, Mama Hatibu akaweka kanga mbele ya Zuwena.

"Mwanangu, nimekuja kwa miguu yangu hii unayoijua. Lile neno, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Wote wangelitaja, wewe peke yako usingelitaja. Nilikuwa na mkwe mmoja duniani, nikamwita mwizi kwa sababu ya adabu yake. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe siku zile zile."

"Na Hatibu anakuomba. Anataka mfunge ndoa upya. Nyumba ataiezeka. Turudi, mwanangu. Sema neno moja tu."

Zuwena aliitazama ile kanga, hakuigusa. Beatrisi aliacha kukusanya vyombo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo.

Zuwena akainuka, akaenda akasimama mlangoni, katupa mgongo. Akaita kwa sauti ya juu, ya wazi, ya mtu aliyelizoea neno lake.

"Tuhfa!"

Miaka na miaka hakuna aliyemwita hivyo. Lakini mtu na jina lake. Mama Hatibu alishtuka pale mkekani, akainua uso, akaitika kama mwari aliyeitwa na mkubwa wake:

"Abee."

Zuwena hakugeuka.

"Namwita mwanangu, Mama Hatibu," akasema. "Tuhfa! Njoo uage wageni."

Na mtoto akaja mbio.